Kahawia huisha kwanza

Jumamosi, Mtwara mjini

Mimi ni mchora mabango. Ukipita Chikongola ukakuta kinyozi ambaye ukutani kwake kuna kichwa chenye sikio moja kubwa kuliko jingine, ile ni kazi yangu ya zamani, nisamehe. Ualimu sijasomea. Lakini mwezi uliopita shirika dogo la hapa mjini lilinifuata: wana fedha kidogo, wana kreyoni, wanatafuta mtu wa kwenda kukaa wiki moja na watoto wa kijiji kimoja cha bondeni, kandokando ya Ruvuma, awachoreshe. Kijiji sitakitaja, wala mtu yeyote wa huko sitamtaja jina. Sababu itajitokeza yenyewe huko mbele.

Leo nimeshinda juani na orodha mkononi. Karatasi rimu nne, kreyoni pakiti thelathini za rangi kumi na mbili, penseli, vichongeo, brashi, chokaa. Nilitaka pia mifuko ya saruji ya karatasi, ile ya khaki, kwa sababu ukiichana ukaigeuza ndani nje unapata karatasi pana, ngumu, isiyopeperushwa na upepo, na ya bure. Fundi mwashi mmoja wa Magomeni akanicheka: "Siku hizi mingi ni ya plastiki, kaka. Umechelewa." Nimezunguka maeneo matatu ya ujenzi nikapata kumi na saba. Nimeikung'uta mpaka nikawa mweupe kama lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago wa Kimakonde.

Jioni dada wa ofisini alinikabidhi barua za utambulisho na agizo la mwisho: nirudi na michoro arobaini. "Inayoonyesha yale waliyopitia," akasema, huku anatazama simu yake. Nikaitikia. Sikufikiria zaidi ya hapo, niwe mkweli.

Yale waliyopitia, kwa asiyekaa huku kwetu, ni haya. Vita ya Cabo Delgado ilianza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mto, Msumbiji. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka wakaingia Kitaya, upande wetu, wakaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma, watu wakatawanyika porini, baharini na mtoni. Sasa Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Mtu anaweza kuwa na shamba huku na shangazi kule. Kwa hiyo katika vijiji vya bondeni utawakuta watoto waliovuka wakafikia kwa ndugu, bila kambi wala hema, na utawakuta wenyeji ambao nao walihama kwa hofu, wakarudi wakakuta mlango hauna bawaba. Wote wanasoma darasa moja, na kwa macho huwezi kuwatenganisha.

Jumapili, Mtwara hadi Tandahimba

Kosta iliondoka saa moja na nusu, kreyoni zangu juu ya keria, zimefungwa pamoja na godoro la mtu. Naliendele, wanapofanyia utafiti wa korosho, tulisimama kupakia abiria ambaye hakuwepo. Nanguruwe tukanunua ming'oko ya kuchemsha. Lami ya kilomita 50 inaishia Mnivata. Zile 160 zinazobaki, kwa Tandahimba na Newala hadi Masasi, bado zinajengwa: michepuko, matingatinga, vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno.

Ni mwisho wa Oktoba, msimu umeanza. Harufu ya mabibo yaliyoiva inaingia dirishani, tamu na ya kulevya kidogo, na ndani ya gari hakuna mazungumzo mengine: mnada wa kwanza umetoka bei gani, chama cha msingi kitalipa lini, nani ameuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama. Mzee aliyekaa karibu yangu aliuza kangomba mwezi Agosti, korosho zikiwa bado maua, akapewa hela ya karo ya mjukuu. Alinisimulia bila aibu, kama mtu anayesimulia kwamba alinyeshewa mvua.

Tandahimba nililala gesti. Maji ni ya dumu, na mhudumu aliniangalia nilivyoyamwaga kwa macho ya mtu anayehesabu. Uwanda huu wa Makonde uko juu, na udongo wake ni mchanga, mvua ikinyesha inanyonywa moja kwa moja hadi chini. Wazee husema mababu walipanda huku makusudi wakikimbia watekaji na vita, wakakubali kiu kuliko minyororo. Wanawake wakabaki na kazi ya kushuka bondeni na kupanda na mitungi. Nimelala nikiwaza kwamba kesho mimi nashuka huko ambako wao walikimbilia mbali nako.

Jumatatu, kushuka bondeni

Bodaboda mbili, moja yangu, moja ya boksi. Boksi lilifika kwanza.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji: barua, muhuri, daftari la wageni. Mtendaji alisoma barua mara mbili. "Unachoresha tu? Hupigi picha?" Nikamwambia nachoresha tu. "Maana waliokuja kabla yako walipiga picha." Hakuendelea, akagonga muhuri. Mwalimu mkuu ni mwanamama mkavu, mwenye kofia ya ukili. Alinipa kivuli cha mwembe nyuma ya darasa la nne kuanzia saa nane mchana, akanionya kwamba wakati huu wa korosho nisitegemee mahudhurio. Sanaa ipo kwenye mtaala, alisema, karatasi ndiyo haipo.

Nimepangiwa kulala kwa bibi mmoja mfinyanzi, mjane, anayeishi na wajukuu wanne. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye chungu alichokuwa anakisugua kwa kokoto. Wajukuu watatu ni wa binti zake. Wa nne, mvulana wa miaka kama kumi hivi, alikuja kwake mwaka juzi kutoka ng'ambo. Wenzake wananiita mjomba tangu dakika ya kwanza, kwa Mmakonde mjomba si mtu mdogo. Yeye hajaniita kitu.

Jumanne

Watoto ishirini na watatu. Nikagawa karatasi na kreyoni, nikawaambia kwa furaha yote: "Choreni chochote mnachotaka!"

Kimya. Kisha wote, nasema wote, wakachora nyumba ileile: paa la pembetatu, madirisha mawili yenye msalaba, mlango katikati, mlingoti wa bendera, jua kwenye pembe lenye miale kama kope. Hakuna nyumba ya namna hiyo hapa kijijini hata moja. Ni nyumba ya kitabuni. Binti mmoja alipomaliza alifuta mti alioongeza pembeni, kwa sababu wa mwenzake haukuwa na mti.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kufundisha. Kumwambia mtoto achore chochote ni sawa na kumwambia mtu kwenye mkutano, haya, sema chochote. Mtoto aliyezoea kupigiwa mstari mwekundu kwa kila kosa hutafuta jibu sahihi, na jibu sahihi la nyumba liko kwenye kitabu cha darasa la pili.

Nikazikusanya kreyoni. Nikafagia mchanga chini ya mwembe kwa tawi, nikaokota kijiti, nikasema:

"Kitendawili!"

Wakaduwaa, halafu sauti moja: "Tega!"

Nikachora mchangani duara, na ndani yake vitone vingi. Wakakisia: chapati, kikoba cha korosho, jua lenye ndui. Walishindwa, wakanipa mji kama ilivyo desturi. Nikapewa Dar es Salaam, nikaenda Dar es Salaam nikala nikashiba, jibu lake ni chungio la bibi. Baada ya hapo sikuhitaji kufundisha. Kila mmoja alitaka kijiti. Na ajabu ya kitendawili cha kuchora ni kwamba nyumba ya kitabuni haina faida, kila mtu ataipata mara moja, unakosa mji. Inabidi uchore kitu ulichokitazama wewe. Mmoja alichora ngazi ya kidole, yaani mistari ya kiungo cha kidole gumba. Mwingine alichora shingo ya kuku aliyenyonyoka, tukashindwa vibaya.

Yule mvulana wa bibi alikuwa amekaa kwenye mzizi. Anasema Kimwani zaidi kuliko Kiswahili. Lugha hizo ni ndugu kiasi kwamba unaelewa nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayochekwa na watoto. Zamu ilipomfikia hakusema "kitendawili." Alichora vijiti viwili vifupi vilivyosimama, na mstari mrefu kati yake umelegea kidogo katikati. Basi.

Goli. Daraja. Bembea. Nyaya za umeme. Tukashindwa. Wakampa Mtwara, akatikisa kichwa. Wakampa Newala, Dodoma, Dar es Salaam yote na bahari yake. Akatikisa kichwa. Kisha akasema mwenyewe, polepole: "Palma."

Watoto wakatazamana. Mji ule si wao kuutoa. Halafu yule binti aliyefuta mti akasema, "Haya, tumekupa. Chukua."

Akachukua. Akatuambia ni kamba ya kuanikia nguo, ya kwao.

"Mbona haina nguo?"

"Zimekauka," akasema.

Wakacheka, naye akacheka, na zamu ikaenda kwa mwingine.

Usiku bibi alinipa ugali wa muhogo na kisamvu. Nilitaka kumsimulia, nikaona bora ninyamaze.

Jumatano

Wamekuja arobaini na wanane. Habari za kupeana miji zimezunguka. Leo nimerudisha karatasi, lakini kwa sharti la kitendawili: chora kitu ambacho mwenzako atahangaika nacho kwanza.

Niliwaonyesha kwenye simu kazi za mchoraji George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, hapohapo jirani, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, akafa mwaka 2005 michoro yake ikiwa imezunguka dunia. Mashetani yake yana masikio kama majani ya mgomba na matumbo yaliyotuna. Walianguka chini kwa kicheko. "Mjomba, huyu hajui kuchora!" Nikawaambia hata mchoraji Tingatinga, wa hapo Tunduru, alianza na vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Kilichowaingia zaidi si majina. Ni kwamba mtu mzima amelipwa hela kwa kuchora mguu wenye vidole viwili.

Saa kumi hivi nikagundua jambo. Kreyoni ya kahawia imekwisha. Pakiti thelathini, na kahawia zote zimebaki vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, wakati zambarau hazijaguswa. Dada wa ofisini alikuwa amenitahadharisha kwamba watoto wa namna hii humaliza nyekundu na nyeusi. Labda kwingine. Hapa kila kitu wanachokipenda ni cha kahawia: ngozi, ukuta wa udongo, mkorosho, njia, mto wenyewe wakati wa masika, chungu cha bibi. Watu waliopanga rangi kumi na mbili kwenye pakiti walifikiria bustani ya nchi nyingine.

Mwisho wa kipindi nikasema neno la kawaida kabisa: "Andikeni majina yenu pembeni."

Penseli zikasimama. Binti mmoja akauliza, la shule au la nyumbani? Mwingine akasema yeye sasa ana la unyagoni, lile la zamani haitwi tena, akiitwa ni tusi. Hayo nikayaelewa, ni mila zetu. Lakini wapo watano au sita waliokunja karatasi wakaikalia. Mwalimu mkuu akanivuta kando. Wapo walezi, alisema, ambao wamewakataza watoto kuandika majina yao mahali popote nje ya daftari la shule. Kila orodha iliyowahi kupita hapa, mtu fulani aliulizwa ametoka wapi. Wakati fulani watu walirudishwa ng'ambo, na walezi hawajasahau. Mtoto akifundishwa kusema "mimi ni wa Newala," basi ni wa Newala.

Niliwahi kusoma habari za mwalimu mmoja, Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji aliyefungiwa na Wanazi katika geto la Terezín, nchi ya Wacheki, mwisho wa 1942. Aliwachoresha watoto wa mle kwa karatasi za kuokoteza, na akawataka kila mmoja asaini jina lake, maana mahali pale mtu alikuwa namba. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake pia. Lakini alikuwa ameficha masanduku mawili ya michoro, zaidi ya 4,000. Iko Prague hadi leo, na kwa sababu ya yale majina watu wanajua ni nani aliyechora kipepeo kipi. Hadithi hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali safari hii. Na sasa niko chini ya mwembe, somo lake la kwanza kabisa, jina, ndilo linalowaogopesha watoto wangu.

Aliyenitoa hapo ni mzee mchongaji wa kijiji. Alikuja kutazama fujo. Alizaliwa upande wa Mueda, akavushwa akiwa mtoto vita ya ukombozi ilipoanza, mwaka 1964. Amechonga mpingo tangu ujana wake, ingawa siku hizi mpingo ni wa kibali na yeye anachonga mbao laini akizipaka rangi ya viatu, jambo ambalo hapendi lizungumzwe. Usoni ana dinembo, chale zile za zamani, pembe zinazofuatana kutoka paji la uso hadi mashavuni. Kizazi chake ni cha mwisho kuchanjwa.

Mwalimu alimweleza shida. Mzee akajigusa shavu. "Mimi nilipovuka sikuwa na karatasi. Waliniangalia hapa wakajua ni mtoto wa nani."

Basi wakaanza. Kila mtoto akabuni nembo yake: pembe tatu, nukta na mkia, jicho la samaki, ufa. Mzee akapita akikagua kama afisa, akikataa zinazofanana. Waliochukua muda mrefu kuliko kwenye mchoro wenyewe ni wavulana wakubwa. Mvulana wa bibi alichora vijiti viwili na mstari uliolegea. Sikushangaa.

Alhamisi

Watoto sita. Wengine wote mikoroshoni.

Nikaenda nao. Kuna mashamba ambayo mwenyewe akishaokota, watoto wanaruhusiwa kupita kuokota masazo, na masazo hayo ndiyo madaftari, ndiyo ndala, wakati mwingine ndiyo chakula cha jioni. Mtoto anazungusha korosho inang'oka kwenye bibo kwa mkono mmoja, tak, huku anasimulia. Mimi nilikuwa nang'oa kwa mikono miwili kama mtu anayefungua chupa.

Ujanja wangu ukaniponza. Kwa kuwa rangi zimepungua, nikafikiria wino: nikachoma maganda kwenye bati, nikakusanya yale mafuta meusi, nikayajaribu kwa kidole. Mtu aliyezaliwa Mtwara! Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kila mtoto wa hapa anajua kabla ya kujua alifabeti. Vidole viwili vimetoka malengelenge na alama nyeusi. Watoto wamenionyesha alama zao mikononi, wengine wamejichora kusudi kwa utomvu, nyota, moyo, namba ya jezi. Nimewakataza kwa ukali, nikiwa nimeshika kidole changu ndani ya kikombe cha maji, kwa hiyo ukali haukufika mbali.

Ijumaa

Siku ndefu kuliko zote, na nzuri.

Mwalimu mkuu alitupa ukuta wa stoo ya shule. Kreyoni hazipaki ukuta, kwa hiyo tulihitaji rangi yetu, na hapo bibi yangu mfinyanzi akawa mwalimu. Nilikuwa nimemwona mtu wa kimya. Kumbe hakuwa na la kumwambia mchora mabango. Alikuja na khanga kiunoni, akachota udongo mwekundu wa barabarani, akaulamba. Akatema. "Huu una chumvi ya mikojo ya mbuzi." Akatuma watoto mahali fulani nyuma ya makaburi, wakarudi na ndoo ya udongo wa rangi ya damu ya mzee. Tukautwanga, tukauchekecha kwa kitenge, tukauacha ukazama majini, tukamwaga maji ya juu. Gundi ni uji mwepesi wa unga wa muhogo, ukorogwe ungali moto, ukipoa unafanya madonge. Nyeupe ni chokaa yangu ya dukani. Nyeusi ni mkaa uliosagwa na uji uleule. Bibi alisisitiza mkaa wa kifuu, wa mti una majivu mengi. Kwa kijani tulitwanga majani ya muhogo, ikatoka kijani ya kupendeza mno, nami nikajisifu. Kufikia jioni ilikuwa imegeuka kahawia.

Kabla hatujaanza, alikuja mwalimu wa madrasa na wazee wawili. Wasiwasi wao ulikuwa picha za watu. Ukuta ule unatazama msikiti. Nilijiandaa kubishana, jambo la kipumbavu, maana hawakuja kugomba. Ustadhi alisema karatasini watoto wajifunze wanavyojifunza, ila upande wa msikiti pasiwe na sura ya kiumbe. Mzee mchongaji, ambaye amechonga sura maisha yake yote, akakubali haraka kuliko mimi. Tukafika mahali pazuri zaidi: upande ule tukaweka nembo zote, hamsini na kitu, na katikati yake michoro ya ukili wa mikeka ambayo wasichana wanaijua kwa vidole. Bibi alizungusha gunzi la hindi kwenye rangi akaliviringisha ukutani, likaacha nakshi ileile anayoiweka kwenye shingo za vyungu. Upande wa pili, unaotazama kiwanja, wakachora walichotaka: bodaboda yenye abiria watano, mnada wa korosho na mizani yenye uso wa mwizi, kuku yule aliyenyonyoka.

Wapo waliochora mengine. Msichana mmoja alichora mtumbwi, ndani yake watu wengi bila mikono. Wenzake wakamuuliza mikono iko wapi, akasema wameshika watoto. Hakulia, hakuna aliyelia. Alimaliza, akaomba nyeupe ya kuchorea mawimbi, nyeupe ilikuwa imekwisha, akakasirika. Mimi si daktari wa roho. Sikumwuliza chochote zaidi ya kama mawimbi yanaweza kuwa ya kahawia. Akafikiri, akasema ya mto yanaweza.

Jumamosi, kuondoka

Asubuhi nilitandaza michoro yote chini ya mwembe, mamia, nikawaambia watoto: mjini wanaomba arobaini. Nani anatoa wake?

Sikutegemea majadiliano yawe marefu vile. Wengine walitoa haraka ile waliyoichukia. Mmoja aliuliza atalipwa shilingi ngapi, swali la haki kabisa baada ya mimi mwenyewe kuwasimulia Lilanga. Wengine walitaka kujua itabandikwa wapi na nani atacheka. Binti wa mtumbwi alikuwa amechora tena mtumbwi wake karatasini. Aliukunja ukaingia ndani ya sare, na hapo palikuwa mwisho wa habari. Nilipata kumi na moja. Bodaboda, kuku, mabibo, nyumba moja ya kitabuni yenye mti.

Mtandao wa simu unapatikana ukipanda kichuguu cha nyuma ya zahanati. Nikampigia dada wa ofisini, nikamweleza: kumi na moja, bila majina, na hakuna hata mmoja unaoonyesha walichopitia kwa namna ya kumliza mtu. Alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba njia nzima: "Fundi, wewe unafikiri napenda? Bila michoro ya kuliza hakuna hela. Bila hela hakuna kreyoni. Mwakani watachorea nini?" Hakuwa na ubaya. Ana mabosi wake, na mabosi wake wana wafadhili wao. Nikamwambia waletewe udongo. Akacheka kwa uchovu, akasema udongo hauandikiwi ripoti.

Tumekubaliana nipige picha ule ukuta wa nembo, upande wa msikiti, usio na uso wa mtu. Nilimwomba mtendaji ruhusa. Alitoka mwenyewe kuutazama, akatafuta kwa kidole mpaka akaipata nembo ya mwanawe, ndipo akasema piga.

Bibi alinifungia mabibo makavu kwenye kipande cha khanga. Michoro ya wajukuu wake ameitia ndani ya kiroba cha korosho akakitundika darini juu ya jiko, moshi unafukuza mchwa. Mvulana alinisindikiza hadi kwenye bodaboda akiwa amebeba ndoo yangu ya brashi. Nikamwambia nitarudi Desemba, shule ikifungwa na korosho zikipungua. Akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Sawa mjomba. Uje na kahawia."

Jumapili, Mtwara mjini

Nimefika usiku wa jana. Vidole bado vyeusi.

Leo nimekwenda duka la vifaa vya shule karibu na soko kuu, nikamwuliza kijana wa kaunta kama naweza kununua kreyoni za kahawia peke yake, hata mia. Alidhani natania. Akaniambia haziuzwi rangi moja moja, kuna pakiti ya kumi na mbili na pakiti ya ishirini na nne.

"Ya ishirini na nne ina kahawia ngapi?"

Akafungua moja, akahesabu. "Mbili, mzee. Kama na hii ya chungwa iliyokoza utaihesabu, tatu."

Nikasema tuihesabu.